Mkojo Unasema Nusu: Tusome Tena Utafiti wa Kasulo



Kila mara mjadala wa kobalti unapowaka mu makundi yetu ya simu, kuna mtu anatuma karatasi moja: utafiti wa Kasulo, uliotoka 2018 katika gazeti la sayansi Nature Sustainability. Karatasi yenyewe wengi hawaifungui. Kinachozunguka ni sentensi moja tu: "Kobalti inavunja DNA ya watoto wa Kolwezi." Sentensi hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya habari. Na tukiiacha itembee peke yake, siku moja wenye mali wataigeuza dhidi ya watoto wale wale.

Leo nataka tuisome ile kazi kwa heshima inayostahili, lakini na macho wazi. Swali langu ni moja paka: walipima jeraha, lakini kupona kulipimwa na nani? Ili swali hilo lieleweke itabidi tuingie ndani ya seli, pale DNA inapofungwa na kufunguliwa, juu pale njo kuna habari ambayo mkojo hauwezi kuitoa.

Tuanze na kazi yenyewe. Kasulo ni mtaa wa Kolwezi. Mwaka wa 2014 watu waligundua kwamba chini ya nyumba zao kuna mawe ya kobalti, na mtaa ukageuka mgodi: mashimo ndani ya parseli, vumbi ndani ya nyumba, watoto wanacheza juu ya bulongo iliyotolewa chini. Kikundi cha Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na Profesa Benoit Nemery wa KU Leuven, Ubelgiji, kilipima watu 72 wa Kasulo, kati yao watoto 32, kisha kikawalinganisha na watu wa mtaa wa jirani usio na mgodi. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti mara 10 zaidi mu mkojo kuliko watoto wa kule kwingine. Tena kwa watoto hao walikuta alama ya DNA iliyoharibiwa na oksijeni kali, na alama hiyo ilikuwa inafuatana na kiasi cha kobalti.

Hiyo si kazi ndogo. Walienda mu mtaa, walitafuta watu wa kulinganisha nao, na hawakudai zaidi ya walichokiona. Mbele yao, tangu 2009, Profesa Banza na wenzake walikuwa wameshaonyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana mwilini. Lakini 2018 ndipo hoja ilipotoka ku "kobalti imeingia" ikafika ku "kobalti imefanya kitu ndani". Anayesema ni kelele za wazungu tu hajaisoma.

Sasa ukosoaji. Ile alama waliyopima inaitwa 8-OHdG. DNA imeandikwa kwa herufi nne, na herufi G njo ile inayochomwa na oksijeni kali upesi kuliko zingine. Ikichomwa, mwili unaitoa, damu inaibeba, figo inaitupa mu mkojo. Kwa hiyo kile tunachokiokota mu chupa ya maabara ni kipande kilichokwisha kutoka. Wengine wanaisoma namba hiyo kama picha ya DNA ya mtoto. Hapana. Ni picha ya takataka za DNA ya mtoto, na hata hizo takataka zinafika mu mkojo kwa njia zaidi ya moja: zingine zinatoka mu DNA yenyewe, zingine zinatoka mu akiba ya herufi ambazo seli ilikuwa bado haijazitumia.

Pita asubuhi mbele ya parseli mbili. Mbele ya ile ya kwanza kuna lundo kubwa la uchafu. Mbele ya ya pili kuna kidogo. Nyumba gani ni chafu? Huwezi kujibu. Labda ya kwanza ina watu wengi wanaochafua. Labda ina mama anayefagia sana. Na ya pili labda ni safi, ao labda ufagio ulivunjika wiki iliyopita na uchafu wote uko bado ndani. Lundo la nje linategemea vitu viwili kwa mara moja: kuchafua na kufagia. 8-OHdG ni vile vile. Inategemea kuvunjika na kurekebishwa.

Watafiti wa Kasulo walikuwa na sababu ya kusoma namba yao kama kuvunjika, kwa maana walikuwa na mtaa wa kulinganisha na alama ilifuata kobalti. Ninakubali usomaji huo. Lakini kilichobaki ndani ya nyumba, hicho hakikupimwa.

Tuingie basi ndani. DNA ya seli moja ya mtu, ukiinyosha, inakaribia mita 2. Inakaa ndani ya kiini ambacho upana wake ni mikromita chache. Inawezekana juu imezungushwa: kila jozi 147 za herufi zinazunguka kifundo cha proteini 8 zinazoitwa histoni, kifundo kinafuata kifundo, vyote vinabanana. Mzigo huo mzima njo kromatini. Wengi tuliijifunza mu mwaka wa kwanza kama jina la kukariri kwa ajili ya mtihani, tukachora uzi wa DNA ukiwa uchi, na enzimu za urekebishaji zinatembea juu yake kama treni juu ya reli. Picha ile inatudanganya mpaka leo. Mu seli, reli imefunikwa.

Fikiria soko ya Kenya siku ya Jumamosi, meza inagusa meza, mtu anapita upande upande. Mama mmoja anaanguka katikati ya soko. Wenye kumsaidia wamefika ku barabara, wana kila kitu, lakini hawawezi kupenya. Kabla ya daktari wanahitajika vijana wa kusukuma meza. Enzimu zinazopanga upya kromatini njo vijana hao. Zinatumia nguvu ya ATP kusukuma kifundo pembeni, kukitoa kabisa, ao kubadilisha histoni zake. Zimegawanyika mu familia kubwa nne: SWI/SNF, ISWI, CHD na INO80. Zenyewe hazirekebishi DNA hata kidogo. Zinafungua njia.

Sasa, juu ya nini seli haiwaachi vijana hao wasukume meza siku nzima, ili njia iwe wazi kila wakati? Juu kufungua ni hatari. DNA iliyo wazi inavunjika upesi. Jeni zilizopaswa kunyamaza zinaanza kusema. Kwa hiyo kila moja ya enzimu hizo iko na breki, na breki inaachiliwa pale paka penye jeraha, kwa muda mfupi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni enzimu inayoitwa ALC1. DNA ikivunjika, proteini nyingine, PARP1, inafika haraka na inashona minyororo ya sukari maalumu mahali hapo, kama mtu anayepiga filimbi. Mwaka wa 2009 vikundi viwili vya watafiti vilionyesha kwamba ALC1 inaitwa na minyororo hiyo na inaamshwa nayo. Mwaka wa 2017 kazi zingine mbili zikaeleza namna: ALC1 ikiwa haina kazi, kipande chake kimoja kinalala juu ya injini yake na kuizima. Mnyororo wa PARP1 ukifika, kipande kile kinashika mnyororo, kinatoka juu ya injini, na injini inawaka. Breki na sikio ni kiungo kimoja. Mi naona ni kitu kizuri sana: mfanyakazi aliyefungwa mikono, na kamba inafunguka tu akisikia filimbi.

Kuna filimbi ya pili. Uzi ukikatika pande zote mbili, enzimu ATM na ndugu zake zinabandika fosfati juu ya histoni moja, H2AX. Alama hiyo ilielezwa 1998, na inatambaa mbali sana kutoka pale palipokatika. Mu hamira, ile ya mkate, ilionekana 2004 kwamba INO80 inakuja kwa kufuata alama hiyo, na 2007 ikaonekana kwamba ndugu za ATM zinabandika fosfati hata juu ya kipande kimoja cha INO80 yenyewe. Kufanya hivyo kunabadilisha namna seli inavyosimamisha kugawanyika ili ipate muda wa kujitengeneza.

Na kuna wa kufunga. Enzimu PARG inakata ile minyororo ya PARP1, filimbi inanyamaza, ALC1 inarudi kulala. Bila wa kufunga kazi inaharibika pia. Angalia jina la ALC1: limetokana na saratani ya ini, kwa maana jeni yake ilikutwa imeongezeka nakala mu uvimbe wa ini. Kijana wa kusukuma meza akizidi, soko inaharibika. Kwa hiyo mtu akikuuzia dawa ya majani eti "inaongeza urekebishaji wa DNA", muulize: unaongeza injini, ao unagusa breki? Atanyamaza.

Turudi ku kobalti, juu hapa njo ukosoaji wangu unapata uzito. Kobalti haichomi herufi tu. Mu maabara imeonekana inazuia XPA, proteini ya urekebishaji inayojikunja kwa msaada wa zinki, isiweze kushika DNA vizuri. Na mu seli za binadamu zilizokuzwa maabara, PARP ilipoamshwa kwa kemikali inayovunja DNA, kobalti ilipunguza mwitikio wake. Soma tena hiyo, pole pole. PARP njo mpiga filimbi. Ikiwa kobalti inashusha sauti ya filimbi, ALC1 inabaki imefungwa, meza hazisogei, na wa kusaidia wanabaki ku barabara. Mwaka wa 2022 shirika la IARC, lile la utafiti wa saratani la WHO, liliweka kobalti ya metali na chumvi zake zinazoyeyuka mu kundi la 2A, yaani vitu vinavyoelekea kuleta saratani kwa binadamu. Na kilichochangia hukumu hiyo ni pia elimu ya namna kobalti inavyofanya kazi ndani ya mwili.

Sasa weka vitu viwili hivyo pamoja. Kobalti inachafua nyumba, tena inaweza kuvunja ufagio. Ikifikia kiasi cha kuvunja ufagio, lundo la nje linaweza kupungua wakati uchafu wa ndani unazidi. Mtoto aliyeumia kuliko wote anaweza kutoa mkojo unaopendeza kuliko wa wenzake.

Njo maana ninasema ile sentensi ya nusu ni ya hatari. Tukizoeza watu, mahakama na tume za mazingira kwamba mkojo njo shahidi wa DNA, basi siku kampuni fulani italeta makaratasi yake yenye namba ndogo na kusema "munaona? hakuna shida", tutakuwa tumeshajifunga mikono wenyewe. Sisi njo tuliosema namba kubwa ni ushahidi wa kuumia. Watatujibu kwamba namba ndogo ni ushahidi wa afya.

Kuna kazi nyingine ya hapa kwetu inayosukuma swali hilo hilo. Mwaka wa 2020, mu The Lancet Planetary Health, kikundi cha Lubumbashi na Ubelgiji kilitoa utafiti juu ya watoto waliozaliwa na kasoro zinazoonekana: watoto 138 wenye kasoro na 108 wasio nazo. Kilichojitokeza kuliko vyote ni kazi ya baba. Baba akiwa na kazi ya migodi, uwezekano ulikuwa mara 5.5. Mkosoaji lazima aseme pia kwamba kipimo hicho ni kipana sana, kuanzia 1.2 mpaka 25, maana yake hesabu inasimama lakini inatikisika. Mu damu ya kitovu, manganezi na zinki zilionekana kuhusika. Wengi walishangaa: kwa nini baba?

Mwenye kujua kromatini hashangai sana. Mbegu ya mwanaume, ikiwa inakomaa, inatupa karibu histoni zake zote na kuweka proteini ndogo zinazoitwa protamini. DNA inabanwa kuliko soko lolote, na urekebishaji unazimika. Jeraha linaloingia wakati huo linasafiri kama lilivyo mpaka ndani ya yai, na yai la mama njo linabaki na kazi ya kutengeneza. Sisemi kwamba hiyo njo sababu ya kasoro za Lubumbashi. Ninasema kwamba hoja hiyo ilistahili kuandikwa na kupimwa, na haipimwi kwa kuhesabu metali mu damu peke yake.

Na hapa lawama inatoka kwa maprofesa, inakuja kwetu. Angalia kazi zetu za TFC na memware. Unachukua bulongo karibu na shemine ya Gécamines, ao lengalenga ya soko, unapima shaba, kobalti, risasi, unalinganisha na kipimo cha WHO, unaandika "kiasi kinazidi", umemaliza. Mwaka unaofuata mwingine anachukua mtaa mwingine. Tunajua kuhesabu kinachoingia. Kitu kilicho hai kinajibu namna gani, hicho tunakiruka. Sisi wa agronomi tulipaswa kuwa wa kwanza kukiuliza: mimea yetu ya shaba, kama Haumaniastrum katangense, inaishi juu ya bulongo inayoua mingine. Na mimea iko na enzimu zile zile. Mwaka wa 2004 watafiti walionyesha kwamba katika mmea mdogo wa Arabidopsis, bila INO80, ubadilishanaji wa vipande vya DNA unaohitajika mu kurekebisha unapungua sana.

Najua mtasema: ndugu, umeme unakatika, friji hakuna, unatuletea ALC1? Ni kweli, hakuna mwanafunzi wa hapa atakayepima ALC1 kesho. Lakini kupima kupona hakuhitaji kuanzia huko. Kipimo kinachoitwa kometi kinachukua seli za damu, kinaangalia DNA imekatika kiasi gani, na ukirudia baada ya dakika 30 na 60 unaona kama mkia wa kometi unafupika. Mkia unaofupika ni kupona. Ndugu zetu wa udaktari wanaweza kukibeba hicho.

Sisi wa mimea tuko na kitunguu. Otesha mizizi ya vitunguu mu mayi ya Naviundu, na mingine mu mayi safi ya kulinganisha. Baada ya siku mbili, kata sehemu, rangi, tia chini ya mikroskopu ya kawaida, hesabu viini vidogo vinavyobaki nje ya kiini kikubwa: hiyo njo alama ya kromosomu zilizovunjika. Iliyobaki ihamishe mu mayi safi, hesabu tena siku inayofuata. Lakini usisahau kuhesabu pia seli zinazogawanyika, kwa maana viini vidogo vinaweza kupungua juu seli mpya zimezaliwa ao juu zile zilizoumia zimekufa, bila kitu chochote kutengenezwa. Namba mbili badala ya moja, na tayari memware yako inauliza swali ambalo karatasi ya 2018 haikuuliza.

Mwingine atasema: watoto wa Kasulo hawahitaji kometi, wanahitaji kuondolewa mu vumbi. Hapo niko na wewe mia kwa mia. Kobalti mara 10 mu mkojo wa mtoto inatosha kabisa kufunga shimo lililo chini ya kitanda chake, bila kungoja enzimu yoyote. Kwa uamuzi huo, kazi ya 2018 imekwisha kutosha. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka 6 wakati ule leo ni kijana. Hata akihamishwa, swali lake la sasa si tena kiasi gani kiliingia. Swali lake ni kama mwili wake ulimaliza kujitengeneza. Mkojo wa siku moja hauna jibu hilo.

Kwa hiyo, wewe unayetafuta somo la memware mwaka huu, ukienda kwa kiongozi wako na karatasi yenye kichwa "kiasi cha metali mu...", ongeza mstari mmoja chini yake: na kupona kwake. Akikuuliza utapima namna gani, anza na kitunguu.